Jina la kadi ya Pokémon ni sheria, lisome herufi kwa herufi

Anayepanga fungu lake la kwanza la kadi 60 za Pokémon huishika upesi kanuni ya kadi nne: kadi zenye jina moja zisizidi nne, isipokuwa Basic Energy (kadi za nishati ya kawaida), ambazo unaweka kadiri utakavyo. Kinachomponza ni kudhani kwamba jina ni yule mnyama aliyechorwa. Jina ni maandishi yote ya mstari wa juu, pamoja na vile vijiherufi vya mwishoni. Charizard ni jina moja, Charizard ex ni jingine, Charizard V jingine, Charizard VMAX jingine. Katika mashindano yanayoruhusu seti hizo zote, hakuna anayekukataza kubeba nne za kila jina.

Sasa ligeuze. Seti ya Obsidian Flames ya mwaka 2023 ina Charizard ex wa aina ya Darkness, mwenye uwezo wa kuvuta Fire Energy hadi tatu kutoka kwenye fungu. Seti ya 151, ya mwaka huohuo, ina Charizard ex wa aina ya Fire asiye na uwezo huo. Picha mbali, mashambulizi mbali, aina mbali. Jina ni lilelile. Ukiweka tatu za kwanza na mbili za pili umefikisha tano, na fungu lako si halali. Wala usihadaike na namba ya chini. Charizard ex wa 6/165 na yule wa 199/165 ni kadi ileile mezani. Namba ya kwanza ikizidi ya pili ujue umeshika kadi adimu ya kukusanya, na tofauti yake iko kwenye picha na bei tu.

Kuna "ex" za vizazi vitatu, na hapo hata wazoefu hujikwaa. Ya kwanza ilitoka 2003, herufi ndogo. Ya pili ilifika 2012, herufi kubwa na kistari: Charizard-EX. Ya tatu ilianza 2023 na seti ya Scarlet & Violet, herufi ndogo tena, bila kistari. Kadi ya leo inayosema "Pokémon ex" haimgusi Pokémon-EX wa 2012. Kistari hicho kina kazi, usikione pambo.

Vijiherufi hivyo pia ndivyo vinavyokuambia adui atachukua zawadi ngapi Pokémon wako akiangushwa. Kila mchezaji anaanza na zawadi sita, yaani kadi sita zilizowekwa pembeni, na anayezimaliza zake ameshinda. EX, GX, V, VSTAR na ex humpa mpinzani mbili. VMAX na zile TAG TEAM za mwaka 2019 humpa tatu, na hata Mega wa kuanzia 2025, kama Mega Lucario ex, ni tatu. Kwa hiyo VMAX wawili wakianguka, mchezo umekwisha. Mega wa zamani, wale wa 2014 walioandikwa M Charizard-EX, walitoa mbili, ila ukimpandisha Mega zamu yako iliishia hapo, labda awe na kadi yake ya Spirit Link. Mega wa sasa hawana adhabu hiyo.

Kosa ninaloliona sana kwa wageni ni kwenye ngazi ya ukuaji. Charizard ex wa sasa ni Stage 2, yaani hatua ya pili ya ukuaji: anatoka kwa Charmeleon, naye Charmeleon kwa Charmander, au unamruka Charmeleon kwa Rare Candy. Charizard V ni Basic, yaani wa mwanzo, unamweka moja kwa moja benchi, ile safu ya akiba nyuma ya anayepigana. Charizard VMAX anatoka kwa Charizard V peke yake. Mtu akiweka Charmander wanne ili wamfikishe kwenye VMAX ameharibu nafasi nne. Dawa yake ni kusoma mstari mdogo wa "Evolves from", juu kushoto. Jina lililoandikwa pale linatafutwa lilivyo: Alolan Persian anataka Alolan Meowth, hamtaki Meowth wa kawaida.

Mambo matamu zaidi yako kwenye majina ya wenye mali, yaani Pokémon walioandikwa jina la anayewamiliki. Yalianza 2000 na seti za Gym, yakaonekana tena mara chache, kisha yakarudi 2025 na Journey Together, na safari hii jina limekuwa mashine yenyewe ya fungu. Chukua N, mhusika wa michezo ya Pokémon: N's Zoroark ex anatoka kwa N's Zorua, na shambulizi lake linaiga shambulizi la Pokémon yeyote wa N aliye benchi yako. Ukimweka Reshiram wa kawaida benchi, hana la kuiga. Akiwa N's Reshiram, kazi inaanza. Uwanja wa N's Castle nao huwaondolea gharama ya kurudi nyuma Pokémon wa N tu. Team Rocket's Mewtwo ex ni mkali zaidi: hashambulii mpaka uwe na Pokémon wa Team Rocket wanne au zaidi mezani. Na usimchanganye na Rocket's Mewtwo ex wa 2004. Neno moja limeongezeka, jina limebadilika.

Upande wa Trainer, zile kadi za msaada, kuna mtego wa mabano. Boss's Orders imetoka ikiwa na Giovanni, kisha Cyrus, kisha Ghetsis, na Professor's Research ina maprofesa kadhaa. Jina la kwenye mabano halihesabiki: zote za Boss's Orders kwa pamoja ni nne, basi. Katika Expanded, mashindano yanayokubali kadi za miaka mingi zaidi, kuna nyongeza: Lysandre na Boss's Orders haviingii fungu moja, ingawa majina ni tofauti, kwa sababu kazi yao ni moja.

Kisha kuna za upweke. Kadi yenye alama ya ACE SPEC ni moja tu kwa fungu zima, wala si moja ya kila jina: ukiweka Prime Catcher, Master Ball ya ACE SPEC ibaki nyumbani. Pokémon wenye neno Radiant kwenye jina vilevile, mmoja kwa fungu. Prism Star, zilizoanza 2018, ni moja ya kila jina, na badala ya kwenda kwenye rundo la kadi zilizotupwa zinakwenda Lost Zone, hazirudi tena.

Kabla ya kusajili fungu, angalia herufi ndogo iliyo pembe ya chini kushoto. G ilianza 2023, H 2024, I 2025, na kila mwaka za zamani huondolewa kwenye Standard, yaani mashindano ya kadi za karibuni. F iliondoka Aprili 2025. Kadi ya zamani huokoka ikiwa imechapwa upya kwa maandishi yaleyale, ndiyo maana Rare Candy kuukuu bado inaweza kuchezwa.

Kwenye fomu, Trainer anaandikwa idadi na jina tu. Pokémon anataka idadi, jina, kifupi cha seti na namba: 3 Charizard ex OBF 125. Kifupi cha seti ya 151 ni MEW, na Mew ex wa humo ni namba 151. Kwa hiyo mstari "1 Mew ex MEW 151" hauna kosa la uchapaji.