Panya wa Gairo na panya wa Morogoro

Ukitoka Morogoro mjini kuelekea Dodoma, hutaona mahali panya wanapobadilika. Mashamba ya mahindi yanafuatana, na panya shamba anayefukua mbegu Dakawa ukimweka pamoja na wa Gairo, hutajua yupi ni yupi. Leo nimeshinda shambani tukikagua mitego, na jambo hilo halijanitoka kichwani.

Mtego wenyewe ni kiboksi cha bati jepesi, ndani kuna karanga za kusaga zilizochanganywa na unga wa mahindi. Ukikuta mlango umejifunga, unakiinua taratibu kwanza, usikie kama kuna uzito. Jike ukimgeuza unakuta chuchu zimepangana kuanzia kifuani hadi kinenani, na mara nyingine zinazidi ishirini. Tunachukua tone la damu, tunalikausha kwenye karatasi ya kuchujia, kisha tunamwachia palepale alipokamatwa.

Ni kwa panya wa aina hii kilipopatikana kirusi cha Morogoro, kilichotangazwa mwaka 2009. Ni ndugu wa kirusi cha Lassa, kile kilichotambuliwa Nigeria mwaka 1969, kinachobebwa na panya wa aina hiihii na kinachoendelea kuua watu Afrika Magharibi. Baadaye kikapatikana kingine, kikaitwa kirusi cha Gairo. Hivi viwili vya kwetu havijaonekana kuleta ugonjwa kwa binadamu.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ndio ulionifanya nianze kuwatazama panya hawa kwa jicho jingine. Kumbe kwa vinasaba panya shamba wa eneo hili ni wa koo mbili, na kila ukoo una kirusi chake. Koo hizo zinakutana na kuzaliana, wala hakuna mlima au mto unaozitenganisha. Hata hivyo virusi vyote viwili vilikutwa pamoja katikati tu ya eneo koo hizo zinapokutana. Ukisogea upande wa Gairo unabaki na cha Gairo, ukirudi upande wa Morogoro unabaki na cha Morogoro. Njia ya kuvuka ipo, ila inaelekea kuna kitu mwilini mwa panya mwenyewe kinachovizuia.

Kwangu hapo ndipo penye uzito. Panya shamba ametapakaa karibu kote kusini mwa Sahara, lakini homa ya Lassa imebaki Afrika Magharibi. Tukisema tu "panya ndiye mbebaji" tunakuwa hatujasema lolote la maana. Inabidi tujue ni panya wa ukoo gani, kwa sababu ramani ya hatari inafuata ukoo huo.

Mama mwenye shamba alikuja mchana akatukuta tunaandika namba. "Mwanangu, hawa wataniua kwa njaa au kwa ugonjwa?" Nikamwambia, mama, hawa wa hapa hatari yao kubwa kwako ni kwenye mbegu na ghala. Lakini usimshike kwa mkono mtupu, chakula kifunikwe, na kinyesi chake usikifagie kikavu. Kilowanishe kwanza kwa maji yenye dawa, maana panya hubeba mengi zaidi ya haya tunayoyapima. Akauliza kama virusi hivyo vitabaki hivyo siku zote. Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kusikia hata kwenye semina.

Virusi vya jamii hii vina vipande viwili vya vinasaba. Virusi viwili tofauti vikiingia kwa panya mmoja, vinaweza kubadilishana vipande, kikazaliwa kirusi kingine kisicho baba wala mama. Kwa hiyo pale katikati, panya wa koo mbili wanapolala shimo moja, ndipo ningependa mitego iendelee kutegwa kila msimu, hata miaka ambayo hakuna anayeugua na wafadhili wameshageukia mambo mengine.