Hai-hati haishuki ikishaingia kwenye kanda

Jumamosi, saa sita usiku inaelekea. Masikio bado yanavuma ila usingizi sina.

Leo ndo tumemaliza kurekodi dramu. Siku mbili kwa wimbo mmoja, na jana kwa kweli nililala na uchungu moyoni.

Mashine ya kurekodia ni Tascam ya kaseti, traki nne basi, yaani njia nne za sauti. Kanda yenyewe haifiki milimita nne kwa upana na traki zote nne zinabanana humo humo, alafu inakimbia sentimita 9.5 kwa sekunde, yaani mara mbili ya kaseti ya kawaida, na huwezi kugeuza upande wa pili maana traki zimeshakula upana wote. Kwa hiyo kaseti ya dakika 60 inakupa 15 tu. Ya 90 huwa sichukui, kanda yake ni nyembamba zaidi. Wimbo wetu ukiingia na chemko, ile sehemu ya kuchangamka, unafika dakika saba, hesabu rahisi, unapiga mara mbili kaseti imeisha.

Jana nilitumia maiki tatu. Moja mbele ya kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu, moja juu ya kichwa cha mpigaji, nyingine ubavuni kwenye tomu kubwa, ngoma nene ya pembeni, na hizi mbili za mwisho nimezipima kwa kamba kutoka katikati ya snea, ngoma ndogo yenye mlio mkali, ziwe umbali sawa, kama alivyozoea kufanya fundi mitambo Mwingereza Glyn Johns, maana umbali ukipishana snea inafika kwenye maiki kwa nyakati tofauti, ukichanganya sauti zinakulana na snea inakonda. Kila maiki na traki yake. Zikasikika vizuri, nikazichanganya zote tatu nikazihamishia traki ya nne ili nipate nafasi, alafu mpiga besi akapiga juu ya traki ya kwanza, ile iliyokuwa na kiki peke yake. Kiki ya mwanzo ikafutika hapo hapo.

Usiku nasikiliza kwa utulivu, hai-hati, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, inapiga kelele kama mvua kwenye bati. Nikishusha mlio mkali snea nayo inazama, nikiuacha, besi haisikiki. Na sina pa kurudi. Kwenye kompyuta ningefungua traki ya maiki iliyoshika hai-hati nikaishusha kidogo nikaenda kulala, hapa uamuzi nilishaufanya saa kumi jioni bila kujua kwamba ndo nauamua. Hilo liliniuma sana, maana mzee wetu wa dramu alikuwa amepiga vizuri mno.

Asubuhi nikamwambia ukweli. "Mzee, shikamoo, naomba turudie, kosa langu." Akaitikia, akasikiliza mara moja tu, akasema, "Mwanangu, hiyo hai-hati ni mkono wangu, sio mashine yako." Yeye amepiga dansi tangu enzi za Radio Tanzania, wakati bendi nzima inaingia studio inapiga kwa pamoja, mmoja akikosea mnaanza wote upya, na uwiano wa sauti mnautengeneza wenyewe mkiwa mnapiga. Nyimbo zile nimezisikia tangu mtoto kwenye redio ya nyumbani, dramu iko nyuma kabisa lakini mguu wako unaifuata tu, na leo ndo nimeelewa ilikuwa inatengenezwa wapi.

Basi tukazima feni, chumba kikawa tanuri, magodoro ukutani, kipande cha kanga juu ya snea. Maiki zikabaki mbili, ya kiki, na nyingine nikaihamishia nyuma ya bega lake la kulia, mbali na hai-hati, zote mbili zinaingia pamoja kwenye traki moja. Swichi ya dbx, ya kupunguza mchakacho wa kanda, nikazima, inasaidia kweli lakini kwenye dramu unausikia mchakacho wenyewe unahema kila kiki ikigonga. Sauti nikaipandisha mpaka taa nyekundu ziwake kidogo kwenye snea, kanda ikishibishwa hivo inaikunja ile ncha kali yenyewe, snea inakuwa nene.

Alafu mzee akafanya kazi yake. Hai-hati anaigusa kwa ncha ya fimbo, nyepesi kabisa, snea anaichapa kwa mkono mzima, na kwenye chemko hakuongeza nguvu kokote ila kwenye kiki. Mimi nimesimama mkono juu ya mashine, sikugusa kitu dakika zote saba. Mara ya kwanza alikuwa bado anatafuta. Mara ya pili nilijua kabla hajafika katikati, mpaka nikaogopa kupumua maana kanda ilikuwa inaelekea ukingoni.

Ilibaki kama dakika moja tu kwenye kaseti. Nimeshavunja vile vidude viwili vya nyuma ya kaseti ili mtu asije akarekodi juu yake. Kesho mchana nabandika selotepu nifunike matundu yake tena, tuingize besi, magitaa mawili pamoja kwenye traki moja, na waimbaji wote watatu kwenye maiki moja. Nimeshawaambia waanze kupanga leo nani atasimama mbele.