Kompyuta sita, usiku mmoja

Desemba 2022, Sinza, Dar es Salaam. Kaka yangu alikuwa na chumba cha gemu chenye kompyuta sita, zote zikiwa na kadi ya grafiki ya aina moja, yenye kumbukumbu ya GB 6. Jumamosi saa nne asubuhi yangefanyika mashindano ya gemu la mbio za magari. Wiki hiyohiyo gemu lilikuwa limepata sasisho kubwa, na maelezo yake yalipendekeza draiva mpya ya kadi, yaani programu inayouwezesha mfumo wa kompyuta kuitumia kadi hiyo. Ijumaa usiku nikaipakua mara moja, nikaiweka kwenye flashi, nikaanza kupita kompyuta moja baada ya nyingine. Tano zilipokea draiva mpya. Ya sita ilikuwa na mteja aliyelipia mpaka saa nne usiku, nikaiacha.

Kumwacha yule mteja ndiko kulikotuokoa, maana tulibaki na kompyuta moja ya kulinganishia. Jambo jingine lililosaidia ni kwamba kabla ya kugusa chochote nilikuwa nimepima zote. Gemu lenyewe lilikuwa na jaribio ndani ya menyu: gari linajiendesha kwa sekunde tisini hivi, kisha namba zinatokea. Kwa draiva ya zamani kila moja ilitoa wastani wa fremu (picha) 92 kwa sekunde, zikipishana moja au mbili. Kiwango cha chini, yaani kasi ya ile asilimia 1 ya fremu zilizochelewa zaidi, kilikuwa karibu 70.

Baada ya draiva mpya, kwenye kompyuta tatu za kwanza wastani ulipanda hadi 95. Ungesoma namba hiyo peke yake ungefurahi. Lakini kile kiwango cha chini kilishuka hadi 34, na kwa macho gari lilikuwa na kwikwi kila kona.

“Dogo, umeziharibu,” kaka alisema. “Zirudishe zilivyokuwa.”

“Kaka, naomba nirudie jaribio mara mbili kwanza.”

Niliomba hivyo kwa sababu ya sheda. Hizi ni programu ndogondogo zinazoiambia kadi namna ya kuchora mwanga, kivuli, maji, vumbi la barabarani. Kwenye kompyuta, gemu haliji na sheda zilizokwisha kuandaliwa kwa kila kadi iliyopo duniani. Draiva ndiyo inayozigeuza ziwe maagizo ya kadi husika, kisha inayahifadhi kwenye diski, kwenye kache, ili isirudie kazi kesho. Ukibadilisha draiva, kwa kawaida yale yaliyohifadhiwa hayatumiki tena. Kila kitu kinachotokea mara ya kwanza kwenye skrini lazima kiandaliwe upya, na kazi hiyo inabebwa na prosesa, si kadi. Ukilenga fremu 100 kwa sekunde, kila fremu ina milisekunde 10 tu. Moja ikisubiri sheda ikachukua milisekunde 80, jicho linaiona mara moja, wakati wastani wa jaribio zima hausogei.

Jaribio la pili, kiwango cha chini kikafika 61. La tatu, 72. Kompyuta tatu zilipona hivyo, bila kuguswa. Watu wengi huhukumu draiva ndani ya dakika kumi za mwanzo, wakati ambao hauwezi kuwaambia lolote la kweli.

Ya nne iling'ang'ania 60 kamili, haipandi wala haishuki. Namba iliyotulia kiasi hicho si ugonjwa wa kadi. Nilikuwa nimechagua usakinishaji safi, unaofuta mipangilio yote, na skrini ya Hz 144, yaani inayojichora upya mara 144 kwa sekunde, ilikuwa imerudi Hz 60 huku ulinganishaji wima (V-Sync), unaozifunga fremu zisizidi kasi ya skrini, ukiwaka ndani ya gemu. Nikairudisha 144 kwenye mipangilio ya skrini, nikazima ulinganishaji, kazi ikaisha.

Ya tano ilinila usiku. Wastani 58, kwikwi haziishi hata baada ya majaribio matano. Nikafungua Device Manager, orodha ya vifaa ndani ya Windows, nikatazama toleo: haikuwa draiva niliyoweka. Kosa lilikuwa langu, sikuchomoa waya wa intaneti, na Windows ilijishushia draiva yake ya zamani ikaipachika juu ya yangu. Kulitambua toleo kunahitaji uzoefu, maana namba inayoonyeshwa pale si ile ya mtengenezaji. Kwa kadi za NVIDIA, kwa mfano, unasoma tarakimu tano za mwisho: 31.0.15.2737 ni toleo 527.37.

Mchanganyiko wa namna hiyo huenda usitibike kwa kusakinisha tena juu yake. Nilichomoa waya. Nikashikilia Shift huku nikibofya Restart, nikapita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, nikabonyeza 4 kuingia hali salama (Safe Mode), ambayo huwasha vitu vya lazima tu. Humo nikaendesha Display Driver Uninstaller, inayong'oa draiva pamoja na mabaki yake, nikawasha upya, nikaweka draiva kutoka kwenye flashi, nikawasha upya tena. Kisha nikazuia mfumo usijichagulie draiva, ndipo nikarudisha waya. Jaribio la tatu: wastani 95, chini 71.

Kaka akauliza sasa faida iko wapi, fremu tatu tu? Nilimweleza kwamba kadi ya miaka mingi sokoni imeshakamuliwa karibu yote, na kwenye DirectX 12, mfumo wa Microsoft ambao gemu hutumia kuzungumza na kadi, sehemu kubwa ya usimamizi iko mikononi mwa gemu lenyewe. Faida kubwa huonekana kwenye kadi changa. Kadi za Intel Arc A750 na A770 zilitoka Oktoba mwaka huohuo, na Desemba Intel ikatoa draiva iliyoongeza sana kasi ya magemu ya zamani ya DirectX 9, kadi zikiwa zilezile. Sisi tulihitaji draiva ile kwa sababu ya sasisho la gemu, si kwa ajili ya kasi.

Saa nane usiku nilibandika utepe wa karatasi kwenye kila kasha: toleo la draiva, wastani, kiwango cha chini. Ile ya sita niliiacha na draiva ya zamani. Asubuhi, kabla wachezaji hawajaingia, niliendesha mzunguko mmoja wa njia ya mashindano kwenye kila kompyuta ili kache ijae. Ya sita ikaingia mashindanoni na 92 zake, na Jumatatu nikaisasisha, waya ukiwa umechomolewa.