Nanjala na Kitambulisho

Mwaka 2017 serikali ya Kenya ilipoandikisha wazee wa miaka 70 na kuendelea wapate shilingi 2,000 kila mwezi, nyanya yangu, Kukhu Nanjala, alirudishwa nyumbani. Kitambulisho chake kilisema alizaliwa 1950. Aliyekiandika zamani hizo alimtazama usoni akakadiria, na Kukhu alijaliwa uso usiozeeka upesi.

Nikamsindikiza kwenda kurekebisha, huko kwetu Bungoma. Karani, kijana mpole asiye wa kabila letu, aliuliza kama kuna cheti chochote. Hakuna. Tukamweleza kwamba kwa Wabukusu Nanjala ni msichana aliyezaliwa wakati wa njaa. Mvulana huitwa Wanjala. Macho yakamng'aa. "Basi ni ile njaa ya 1943! Tuandike hiyo?" Mimi nilishaanza kutikisa kichwa kukubali. Hesabu ilitufaa.

Kukhu akakataa katakata.

"Mwanangu, hiyo siyo. Hii ni njaa ya kila mwaka, ghala limekauka na wimbi bado bichi shambani. Jina langu linakupa mwezi. Mwaka utafute kwingine."

Hapo alisema kweli. Majina yetu hufuata misimu: Nafula wa mvua, Naliaka wa palizi, Nekesa wa mavuno. Tena hurithiwa. Dada yangu ni Nanjala kwa ajili yake Kukhu, ilhali alizaliwa Desemba, mahindi yamejaa stoo mpaka mlango haufungiki. Karani angekutana na huyo angepotea kabisa.

Mwaka tuliupata kwa ndugu yake, Wafula. Tohara ya Kibukusu huwa Agosti, tena miaka ya shufwa tu, na Wafula aliingia jandoni 1962, kijana wa miaka kama 14. Kukhu akakunja vidole: Wafula, kabla yake Nasimiyu aliyezaliwa kiangazi, kabla ya Nasimiyu yeye mwenyewe. Mama yao alikuwa akipumzika miaka miwili kila uzazi. Karani akaandika 1944, mzee wa kijiji akashuhudia, tukaenda zetu.

Kitambulisho kipya kilipotoka, alinipa nimsomee. Tarehe 1 Januari 1944, kama wanavyoandikiwa wengi wasiojua siku yao. Akakitupa mezani.

"Januari? Huyo ni Nasimiyu!"

Alitaka kukirudisha siku hiyo hiyo. Mama akakificha kabatini mpaka pesa za kwanza zilipoingia.