Watu 12, Meza Moja, na Jua Linalozama

Saa 12:10 asubuhi

Ujumbe uliingia kabla sijavaa viatu. Msafara wa watu 12 unafika leo mchana, wanataka kula chakula cha jioni pamoja, meza moja, na hakuna hata mmoja anayekula nyama wala samaki. Wanne ni vegani: hawagusi chochote kilichotoka kwa mnyama, iwe maziwa, yai au asali. Saba ni walaji mboga, maziwa na mayai kwao ni sawa. Mmoja ni mzee wa dini ya Kijaini, dini ya kale ya India.

Mimi nafanya kazi mapokezi, kwenye hoteli ya mji wa pwani. Maombi ya namna hii wenzangu huniletea mimi, kwa sababu nami nimeacha vitu vya wanyama, mwaka wa tisa huu. Ni sehemu ya kazi ninayoipenda kuliko zote. Mtu akisafiri kutwa nzima, kisha akaambiwa "saladi ipo," atalala akijiona mzigo kwa watu. Nimewahi kulala hivyo, sitaki mgeni wangu apitie hali hiyo.

Saa 2:00 asubuhi

Nimefika kazini, nimefungua daftari. Humo nimeandika kila mgahawa niliokula au kuulizia, na kando ya kila jina kuna maelezo mafupi: wanakaangia wapi, supu inachemshiwa nini, jikoni nani anajibu maswali.

Natumia pia simu. HappyCow, tovuti inayoorodhesha migahawa ya vegani na ya walaji mboga, ipo tangu 1999 na bado ni pa kuanzia kwa mtu asiyeujua mji. Ramani ya OpenStreetMap nayo ina alama ya chakula cha vegani, wanaoijaza ni watu wa kawaida waliopita hapo. Lakini mji wa pwani una tabia yake. Msimu wa wageni ukiisha, nusu ya milango ya ufukweni hufungwa, wapishi huondoka, na msimu ukirudi jina ni lile lile ila mikono ya jikoni ni mingine. Kwa hiyo sitazami nyota, natazama tarehe. Sifa za miaka mitatu iliyopita ni za mpishi ambaye huenda hayupo tena. Kisha natazama picha walizopiga walaji wenyewe. Nikiona sahani ile ile ya mboga za kuchemsha imepigwa picha na watu watano, hapo napita.

Katika orodha yangu ya leo yamebaki majina matano.

Saa 3:15 asubuhi

Huu ndio wakati wa kupiga simu. Kabla ya hapo jikoni hakuna mtu, na baada ya saa 5 wapishi wamezama kwenye chakula cha mchana, atakupokea kijana wa mezani atakayekujibu "ndiyo" kwa kila kitu ili akate simu. Saa 3 mpishi anakatakata vitunguu na ana nafasi ya kuongea.

Siulizi "mna chakula cha vegani?" Swali hilo humtaka mtu akisie. Na siku zote najihadhari na lile neno "sili nyama." Kwetu sisi wazungumzaji wa Kiswahili nyama ni nyama na samaki ni samaki. Ukimwambia mpishi hivyo amekuelewa sawasawa, na atakuletea samaki kwa moyo mweupe kabisa. Nasema hivi: "Wageni wangu hawali nyama, hawali samaki, wala kitu chochote kilichovuliwa baharini, na wala mchuzi uliopikwa na hivyo." Halafu nauliza vitu, kimoja kimoja. Supu mnaianza na maji, au na mifupa? Wali mnaupika kwa maji matupu au kwa supu ya kuku? Chipsi mnakaanga kwenye mafuta yapi?

Wa kwanza alisema kwa uwazi kwamba kila mchuzi wake una sosi ya samaki na hawezi kubadili kwa siku moja. Nilimshukuru kwa dhati, maana ukweli wa namna hiyo huokoa saa nzima ya kutembea. Wa pili simu haikupokewa. Watatu waliniambia nije nione.

Saa 4:40 asubuhi

Kabla sijatoka nilimpigia kiongozi wa msafara. Alikuwa na wasiwasi.

"Kaka, huo si mji wa wavuvi? Kweli tutakula?"

Nilimwambia kwamba Jumuiya ya Walaji Mboga ya Uingereza ilianzishwa kwenye mji wa pwani, Ramsgate, tarehe 30 Septemba 1847. Kabla ya hapo, huko Ulaya watu wa namna hii waliitwa Wapythagoras, kwa jina la yule mwanafalsafa wa Kigiriki. Neno "vegan" lenyewe lilikuja baadaye, 1944, Donald Watson na wenzake walipochukua mwanzo na mwisho wa neno "vegetarian." Alicheka kidogo, sauti ikalegea.

Kisha nikamuuliza habari za mzee. Niliyajua yale ya kwanza: Wajaini wanaoshika desturi hawali vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti, wala chochote kinachong'olewa na mzizi wake, kwa sababu kuking'oa ni kuua mmea mzima pamoja na viumbe vidogo vilivyomo udongoni. Uyoga pia hawali.

"Na jambo moja zaidi," yule dada kiongozi akasema. "Mzee hali chakula jua likishazama."

Meza nilikuwa nimeipanga saa 1 usiku. Leo jua linazama saa 12:41 jioni.

Saa 5:20 asubuhi

Hapo siku yote iligeuka. Migahawa mingi hapa hufunga jikoni baada ya chakula cha mchana, saa 9 alasiri hivi, na moto hauwashwi tena mpaka saa 12 jioni. Mzee alihitaji kuanza kula saa 11 na nusu, katikati kabisa ya pengo hilo. Ningeweza kumtafutia chakula chake peke yake, akala chumbani. Wenzake waliomba meza moja, na nikaona meza moja ndiyo kazi yenyewe niliyopewa.

Nilianzia ufukweni, kwenye mgahawa wenye bango kubwa la kijani mlangoni. Mwenyewe ni kijana mchangamfu, alinipeleka mpaka jikoni bila kusita. Falafeli zake ni za dengu, hazina yai, nzuri. Lakini karai la kukaangia ni moja tu, na wakati nasimama pale ngisi walikuwa wanaelea ndani yake.

"Hizi falafeli nazo zinaingia humu?" nikamuuliza.

"Humu humu, kaka. Si mafuta tu?"

Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikula chipsi za ufukweni mwaka mzima kabla mtu hajanieleza kwamba mafuta yaliyokaangia samaki hubaki na samaki ndani yake. Nilimweleza kwa upole: wapo wasiojali, wapo ambao kwao sahani hiyo ni sawa na kupewa samaki, na mwenye mzio wa ngisi anaweza kudhurika. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza karai dogo la pili likae upande gani ili matone yasiruke. Kwa leo, hata hivyo, nilimfuta.

Wa pili ni mgahawa wa tambi za Kijapani, nyuma ya soko. Tofu yao, ile ya maziwa ya soya yaliyogandishwa, ni laini, mboga mbichi za siku hiyo hiyo. Ila supu ndiyo uti wa chakula chao, na supu hiyo huanza na vipande vya samaki jodari aliyekaushwa. Wengi hawamwoni kwa sababu huchujwa akatolewa, bakuli likabaki na maji meupe na tofu juu. Kwa mtu asiyeuliza, huo ni mlo wa mboga mtupu. Vivyo hivyo kimchi nyingi, kabichi ya Kikorea iliyochachushwa, hutiwa sosi ya samaki au uduvi, michuzi mingi ya Kitailandi husagwa na uduvi, na saladi ya Kaisari ina dagaa ndani ya ule mchuzi mweupe. Bahari huingia kwenye sahani kimyakimya, nami kwenye daftari nina ukurasa mzima wa njia zake.

Saa 7:00 mchana

Wa tatu uko kwenye uchochoro mwembamba, meza sita, hauna bango lolote la mboga. Mpishi ni mama mtu mzima na binti yake. Niliketi, nikaomba anipe kile ambacho angempikia mtu asiyekula kitu cha mnyama hata kidogo, nikanyamaza.

Aliniletea supu kwanza. Nilipoonja niliweka kijiko chini, kwa sababu ilikuwa na ladha ya bahari, nikadhani nimekosea mlango.

"Mama, humu kuna samaki?"

"Hamna, mwanangu. Ni mwani."

Alinionyesha: mwani mpana mkavu wa kombu, aliuloweka kwenye maji tangu usiku, akaupasha moto taratibu na kuutoa kabla maji hayajachemka. Ni kutoka kwenye mwani huo ambapo mwaka 1908 mkemia wa Tokyo, Kikunae Ikeda, alitenga glutameti, kitu kinachotoa ladha ile nzito aliyoiita umami. Wapishi wengi wa ufukweni huamini kwamba ukiondoa samaki umeiondoa bahari. Mama huyu aliniwekea bahari nzima kwenye bakuli bila kuvua kitu.

Baadaye ikaja adesi nzito, biringanya lililochomwa mpaka ngozi ikapasuka, likasagwa na ufuta na ndimu, na uyoga uliokaangwa kwenye moto mkali ukawa na kingo za kahawia. Ulikuwa mlo kamili. Hapa niseme langu: mgahawa ukinipa viazi, wali na mboga za majani kwenye sahani moja, umenipa pembeni za mlo wa mtu mwingine. Mpishi anayejali hujiuliza kitu gani kitashika nafasi ya katikati, kitatafunika vipi, kitashibisha kwa nini. Adesi, dengu, maharage, tofu: kimojawapo lazima kiwepo, na kitiwe viungo kwa bidii ile ile anayotiwa samaki.

Saa 8:10 mchana

Nilisubiri wateja wapungue, nikamweleza habari za mzee. Vitunguu hapana, saumu hapana, mizizi hapana, uyoga hapana. Biringanya pia nililitaja, maana Wajaini wengi huliepuka kwa wingi wa mbegu zake. Alinisikiliza mikono ikiwa kwenye taulo.

"Bila kitunguu adesi zitakuwa na uso gani?" akauliza.

Nilimwambia mvuje. Wapishi wa Kijaini hutia mvuje kidogo sana kwenye mafuta ya moto, na ule utomvu unaonuka vibaya ukiwa mbichi hugeuka harufu tamu inayokaribia ya kitunguu na saumu. Binti yake aliukumbuka, kopo lilikuwa kabatini. Tulisoma maandishi ya kopo, kwa sababu mvuje wa kusagwa mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano; katika msafara huu hakuna asiyekula ngano, tukaendelea. Adesi kwa mvuje, bizari nyembamba na nyanya. Bamia. Boga. Sufuria yake mwenyewe, mwiko wake mwenyewe.

Kwa kitindamlo alitaka kufanya jeli ya matunda. Nikamwomba aiache jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa. Akanijibu kwamba yeye hutumia agari, nayo ni mwani.

Likabaki lile zito. "Mama, wanahitaji kuanza saa 11 na nusu."

Alitazama saa ya ukutani. Huo ndio muda wake wa kulala kidogo na kunyoosha miguu, binti alinieleza baadaye. Alikaa kimya kwa muda.

"Mzee akila baada ya jua anafanya dhambi?"

"Anavunja ahadi yake, mama."

"Basi waje saa 11."

Saa 10:00 alasiri

Msafara ulifika na mizigo. Kugawa funguo, kutafuta begi lililopotea, kujibu simu za wengine. Sina la kusimulia hapo.

Saa 11:10 jioni

Niliwapeleka kwa miguu. Nilikaa nao mwanzoni tu, kuhakikisha kila sahani imeenda mahali pake: jibini kwa wale saba, na niliuliza imegandishwa kwa nini, kwa kuwa jibini nyingine hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama na baadhi ya walaji mboga hawaitaki. Hii ilikuwa ya kimeng'enya kisicho cha mnyama. Mmoja aliulizia divai. Divai nyingine husafishwa kwa utando wa kibofu cha samaki, na lebo ya chupa ile haikusema lolote, basi nikamwambia hivyo, akachagua maji ya ndimu.

Mzee alikula polepole, mgongo ukielekea dirisha. Adesi aliongezewa mara mbili. Saa 12:30 aliosha mikono, akanywa maji, akasukuma bilauri mbele. Wenzake waliendelea na jeli, naye akaendelea kuketi nao akizungumza. Mwanga ulipotoka ukutani aliinuka, akaenda mlango wa jikoni na kuinamisha kichwa kwa mama, viganja vimekutana. Sikusikia walichoambiana. Mama alirudi akiwa anajifuta macho kwa ncha ya kanga, akaniuliza kesho asubuhi mzee hula nini.

Saa 3:40 usiku

Nimerudi nyumbani, daftari liko mezani. Kijana wa ufukweni ametuma picha ya karai dogo jipya, amelifungia kamba ya kijani mkononi. Nimemrudisha kwenye orodha kwa penseli, nitapita keshokutwa nione mafuta yenyewe.

Kwa mama wa uchochoroni nimejaza ukurasa mzima. Na mwanzoni kabisa, kwenye maswali ninayowauliza wageni kabla sijampigia mpishi yeyote, nimeongeza la saba: je, kuna saa ambayo lazima uwe umemaliza kula?