Kaka, ODST si ya kujazia

Bado linaniuma lile neno la kaka, kwamba ODST, gemu yangu ninayoipenda, ni ya kujazia tu. Najua mwangoja niandike ya harusi ya Zuhura, na harusi imepita salama alhamdulillahi, na zile kontena zilizoninyima usingizi zimetoka bandarini, na kaka kaja kutoka Muscat na mabegi yake kama kawaida, lakini kila nikikaa niandike ni neno la kaka tu linalokuja mbele.

Ilikuwa baada ya chakula cha usiku, mama kashaingia kulala, mimi nimewasha Xbox 360, ile ile aliyotuletea kaka mwenyewe zamani, nimetia Halo 3: ODST, mojawapo ya zile gemu za vita za Halo, ambazo shujaa wake mkuu ni Master Chief, askari wa kijani. Akapita na chai yake ya tangawizi, akasimama nyuma ya kiti.

"Bado wacheza hiyo?"

"Ndio kaka, hii ndio naipenda kushinda zote."

"Hiyo si Halo haswa. Master Chief hayuko. Hiyo walitoa kujazia tu, watu wakingojea ile nyengine."

Nikamwambia, "Haya kaka." Akaenda zake barazani kupiga simu.

Haya kaka, basi, ndio hayo tu. Kwa kaka mkubwa ndio adabu, na mtu hajibizani usiku na mgeni aliyeshuka ndege jana yake. Lakini tangu hapo namjibu. Namjibu kwenye matatu, namjibu nikikuna nazi, ofisini nimepanga makaratasi ya forodha na mdomo wangu wacheza peke yake mpaka Mwanahamisi akaniuliza kama nasoma uradi.

Manake kuna sehemu kaka yuko sawa, na hiyo ndio inanikera zaidi. Kweli Bungie, wale waliotengeneza Halo, mwanzo walitaka kutoa kipande kidogo cha kuongezea Halo 3, wakakitangaza 2008 kwa jina la Recon, kikawakulia mikononi mpaka Septemba 2009 kikatoka gemu kamili. Na kweli wako walionung'unika kuuziwa kwa bei ya gemu kubwa. Lakini kitu kuanza kidogo hakukifanyi kiwe cha kujazia kaka. Uliimaliza? Au ulitafuta lile dude la kijani, ukalikosa, ukazima?

Kwa wasioijua. Kwenye Halo 2, ya 2004, Master Chief anakuja mpaka Mombasa hii yetu, ya mwaka 2552, mji umejaa maghorofa na mnara wa kupandia angani. Anapigana, kisha meli ya adui inaruka ghafla kwenda mbali angani ikiwa bado juu ya mji, nguvu ya mruko inauharibu mji vibaya sana, na yeye anaifuata hiyo meli. Stori yote inaondoka naye. ODST inabaki chini. Wewe ni askari mmoja wa ODST, wale wanaorushwa chini kutoka angani, wanamwita Rookie, hana jina, hasemi neno kutoka mwanzo mpaka mwisho, kaanguka mjini ndani ya chombo chake, kazirai, kaja kuamka saa sita baadaye ni usiku na mvua yanyesha, wenzake hajui wako wapi. Kazi yako si kuokoa dunia. Kazi yako ni kutembea uwatafute wenzako.

Na unawatafuta kwa vitu walivyoacha. Unaokota bunduki imepindika, unaona ilivyopindika na nani alikuwa nayo. Mbele unaokota mkebe wa dawa mtupu, na hapo ndio unajua kuna mwenzenu aliumia na ni nani aliyemfunga kidonda. Kila kitu kinakurudisha mchana ule ule uwe Buck, uwe Dutch, uwe Mickey, uwe Romeo, uone kwa macho yake, halafu unarudishwa kwenye mvua ukiwa peke yako tena. Buck kashapata njia ya kutoka mjini na watu wake na bado anageuza, kwa sababu Dare, mkubwa wao, yuko kule ndani na hawezi kumuacha. Gemu zenye Master Chief zina mambo makubwa mengi na nazipenda, lakini ni wapi alipata nafasi ya kugeuza gari kwa sababu ya mtu mmoja kama hivo? Yeye ana galaksi nzima mgongoni!

Kisha hata mwili. Chief ana ngao inayojaa yenyewe, akipigwa anajificha kidogo, mambo sawa. Rookie hana. Akiumia atafute kisanduku cha dawa ukutani. Kwa hivo unatembea ukiegemea kuta, unasikiliza, unaogopa kona, na saksafoni ya Martin O'Donnell, mtunzi wa muziki wa Halo, inalia taratibu, yaani Halo ina saksafoni! Ukishacheza hivo ndio unafahamu wale maaskari wadogo waliokuwa wakifa pembeni ya Chief walikuwa wakipitia nini. Hilo huwezi kuambiwa na Chief. Halipati nafasi mpaka yeye atoke kwanza.

Na Sadie jamani. Mjini kuna simu za barabarani zinalia zenyewe, unazipokea na kupata vipande vya sauti, viko 30 ukivikusanya vyote, na hiyo ni stori ya msichana Sadie Endesha anayetaka kumfikia baba yake aliye chini kabisa kwenye mashine zinazoendesha mji. Baba alitia kwenye akili ya mji, ile kompyuta inayouendesha, kipande kimoja cha kumchunga bintiye. Basi mji mzima, taa, milango, mabango, unamchunga huyo mtoto. Stori hii haibadilishi ile vita kubwa. Ukiruka vyote gemu inaisha vile vile. Mimi sijawahi kuruka hata kimoja.

Si Halo peke yake. Uncharted, zile gemu za kutafuta hazina, walifanya hivo 2017 na The Lost Legacy, nayo pia ilikuwa iwe kipande cha kuongezea ya nne. Nathan Drake, shujaa wao, wakamuweka pembeni, wakampa Chloe, ambaye miaka yote alikuwa wa kuja na kupotea, na huko India ndio kwa mara ya kwanza tunakaa naye mpaka atuambie habari za babake na kile alichokufa akikitafuta. Ingekuwa Drake yumo, Chloe angesema mistari miwili ya kuchekesha akaruka ukuta.

Nilikuwa nimefika hapa na hasira zangu juzi nikifua, ndio nikamkumbuka baba. Nikaanza kucheka peke yangu.

Baba, Mungu amrehemu, gemu zote kwake zilikuwa makelele. Kaka akicheza Halo 3 baba alikuwa akihama chumba na redio yake. Lakini kaka alipokwenda zake Muscat padi ikabaki kwangu, na usiku mmoja nacheza ODST, baba kakaa kwenye kiti chake, redio kaizima, mara akauliza, "Huyo kijana yuwatafuta nini mvuani?"

"Awatafuta wenzake baba. Wamepotezana."

Akatazama muda mrefu. Kwenye ramani paliandikwa Kizingo nikamuonyesha. Wale waliotengeneza walitia majina yetu, kuna Kizingo, kuna Tayari, kuna stesheni ya Kikowani, hapo hapo penye makaburi anapolala babake baba.

"Kizingo nyumba zote zile zimeenda wapi?"

"Ni miaka mia tano ijayo baba."

"Haya. Basi mwambie asikae kwenye uwazi, apite kwa ndani ndani mpaka Kikowani."

Na nikampitisha ndani ndani. Tangu hapo kila usiku akitoka msikitini ananiuliza, "Kijana keshapata wenzake?" Kijana alipompata Buck, baba akasema alhamdulillahi kama mtu wa mtaani. Baba hakumjua Master Chief ni nani. Huyu alimjua.

Nafikiri hii ndio ntamwambia kaka kabla hajasafiri, bila ya kubishana, nimueleze tu ya baba, kwa sababu hakuwepo na sidhani kuna mtu alimwambia. Pengine tukae tucheze hata ile sehemu ya mwanzo, Rookie anapoamka.

Jengine, maji ya kisima yamebadilika ladha tangu juzi, chumvi imezidi na chai inakatika maziwa, na jirani wa nyuma yeye ati kwake hakuna shida. Mama ana presha na daktari kashamkataza chumvi, kwa hivo nanunua mitungi na mitungi ni pesa. Fundi wetu hashiki simu. Kama mwajua fundi mwengine wa visima huku Kisauni, wa kuaminika, niandikieni.