Nilivyochagua kayaki ya pedali kwa uvuvi wa Galveston

Mimi ni mtu wa Tanga ninayeishi Houston, Texas, na kwa muda mrefu nilivua ghuba ya Galveston kwa kayaki ya kasia, yaani mtumbwi mdogo wa mtu mmoja. Chombo kilikuwa kizuri tu. Taabu ni upepo. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka kiangazi chao kiishe unatoka zaidi kusini-mashariki, na ikifika saa tano asubuhi umeshika kasi. Unajipanga mbele ya mdomo wa kijito, unalaza kasia mapajani, unachukua fimbo, unarusha chambo. Ukiinua macho, umeshasukumwa mbali na samaki umemwacha nyuma. Ukitia nanga, umejifunga mahali pamoja na wao wanahama. Mikono miwili ilikuwa na kazi tatu. Nikaanza kutazama kayaki za pedali, ambazo miguu inaendesha, mkono mmoja unashika usukani pale mtu anapotaka kukata kona, na fimbo haitoki mkononi.

Bei zake zinatisha. Mpya za kampuni kubwa zinaanzia karibu dola 2,000 na za juu zinapita 4,000. Kwa pesa hiyo sikutaka kununua kwa kuona picha, wala kwa kusifiwa na mtu anayevua mahali tofauti na pangu. Nikajiwekea maswali mawili: navua maji gani, na chombo hiki nitakifikishaje majini nikiwa peke yangu alfajiri? Rangi, kiti, matundu ya kushikia fimbo, hayo nikayaweka pembeni.

Maji yangu ni ya West Bay, upande wa magharibi wa ghuba, nyuma ya kisiwa cha Galveston, hasa ndani ya Galveston Island State Park ambako kuna njia tatu za kayaki zilizowekwa alama: Dana Cove, Oak Bayou na Jenkins Bayou. Ni maji ya magotini. Pembeni kuna nyasi za kinamasi, chini kuna majani ya baharini, na hapa na pale matuta ya chaza yenye makali ya kuchana kiatu. Sisi tuliokulia Tanga tumezoea bahari inayopwa na kujaa zaidi ya mita tatu wakati wa bamvua. Huku tofauti hiyo mara nyingi haifiki hata mita moja, na kinachopandisha au kushusha maji zaidi ni upepo. Majira ya baridi, upepo wa kaskazini ukivuma siku mbili mfululizo, unayatoa maji ghubani kuyapeleka bahari kuu, na ulipopita juzi kwa raha leo ni tope. Kwa hiyo kila kayaki niliyoonyeshwa niliinama kwanza kuangalia chini ya tumbo lake: kunaning'inia nini, na kinapanda vipi?

Mitambo iko ya aina mbili. Wa kwanza ni wa mapezi. Hobie, kampuni ya California, ndiyo iliyouleta sokoni mwaka 1997 kwa jina la MirageDrive, na siku hizi kampuni nyingine nazo zina mitambo ya namna hiyo. Mapezi mawili yanapepea chini ya kayaki, moja kulia na jingine kushoto, yakipishana. Pedali zake hazizunguki, unazisukuma mbele moja baada ya nyingine. Wa pili ni wa propela, kama PDL ya Old Town au Propel ya Native Watercraft, ambao miguu inazunguka kama ya mwendesha baiskeli, na nguvu inashuka kwa shafti hadi kwenye propela iliyo zaidi ya futi moja chini ya ganda.

Maduka mengi ya kayaki huku huwa na siku ya kujaribu bure, na nashauri usitoe hata senti kabla ya kwenda. Mimi nilikwenda Clear Lake. Propela ilinifurahisha pale pale: ukipiga pedali kinyume inarudi nyuma bila kubonyeza kitu, na ukitaka kusimama kupambana na upepo unagusa mbele, unagusa nyuma, basi. Mapezi ya zamani hayakurudi nyuma kabisa. Haya ya miaka ya karibuni yana kamba ndogo unayovuta, mapezi yanageuka, ukiendelea kusukuma unarudi. Inafanya kazi, ila si wepesi ule wa propela.

Nikaomba niingie nazo kwenye majani, pembezoni. Muuzaji hakufurahi sana. Propela ilikwenda kidogo, pedali zikaanza kuwa nzito, halafu zikakaza. Ikabidi kuinua mtambo mzima na kufungua fundo la majani lililojisokota kwenye shafti. Mapezi nayo yalibeba majani, lakini ukisukuma pedali moja mbele mpaka mwisho, mapezi yote mawili yanalala chini ya tumbo la kayaki, majani mengi yanateleza, na chombo kinapita penye kina cha kiganja kwa kasi kiliyokuwa nayo. Kwenye maji haba unasukuma kidogo kidogo, nusu hatua, na mapezi yanapepea juu juu bila kugusa chini. Kwangu mimi swali likaishia hapo. Rafiki yangu mmoja Mkongo anayevua bass, samaki wa maji matamu, katika ziwa la Conroe alichagua propela, na kwa kule nakubaliana naye: maji ni marefu, na anapomnasa samaki chini ya gati la mtu anahitaji kurudi nyuma upesi kabla mshipi haujazunguka nguzo. Angenifuata mimi angekosea, nami ningemfuata yeye ningeshinda nikifungua majani.

Uzito ndio ambao wauzaji hawapendi kuuzungumza kwa kirefu. Kibao cha dukani mara nyingi kinataja ganda tupu. Uliza uzito ikiwa imevaa kiti, mtambo na usukani. Hobie Outback niliyokuwa naitamani ina urefu wa karibu mita 3.9, upana wa sentimita 86, na ikiwa kamili ni kama kilo 47. Za propela za ukubwa huo nyingi ni nzito zaidi ya hapo. Ongeza fimbo, kisanduku cha vyombo, barafu na maji ya kunywa. Juu ya paa la gari dogo, peke yako, baada ya kutwa juani? Mimi nina pikapu, kwa hiyo naisukuma kutoka nyuma, na kwa kuwa inachomoza zaidi ya futi 4, sheria ya Texas inataka nifunge kitambaa chekundu mwishoni. Kutoka kwenye gari hadi majini ni kigari cha magurudumu mawili kinachochomekwa kwenye matundu ya kutolea maji chini ya kayaki. Asiye na pikapu wala trela afikirie fupi na nyepesi, hata ikibidi kupoteza kasi kidogo, maana kayaki inayomchosha mtu kabla hajafika majini itaishia gereji.

Mpya ilinishinda bei, nikatafuta iliyotumika. Nilizunguka kwenye gereji za watu nikipekua. Ganda ni la plastiki ngumu, na nyufa hazianzi kwenye ubavu unaoonekana. Zinaanza kuzunguka matundu ya maji na kwenye kisima kinachoshika mtambo, kwa hiyo unapitisha kidole mle ndani polepole, ukiwa na tochi. Kisha fungua kifuniko cha mbele, unuse: harufu ya tope la chumvi inakwambia maji yamekuwa yakiingia. Mtambo wenyewe uutoe, uulaze juu ya meza. Ndani ya MirageDrive kuna minyororo mifupi na nyaya za chuma zinazovutana. Waya uliochakaa huchomoza nyuzi ndogo ndogo zinazokwaruza ngozi. Shika pezi moja ulitikise huku umezuia pedali. Likicheza sana, nyaya zimelegea. Hilo linakazwa kwa nati, si kasoro ya kukufukuza. Fito za chuma zinazobeba mapezi zikiwa zimepinda, hapo mtu aliparamia chaza kwa nguvu, na hilo ni la kupunguziwa bei. Mzee mmoja aliyekuwa anahama aliniuzia Outback yenye fito moja iliyopinda kidogo. Alikuwa ameiosha kwa maji matamu kila alipotoka baharini, na ilionekana: boliti hazikuwa na kutu. Fito mpya niliiagiza na kuifunga mwenyewe.

Jambo dogo wengi wanaloliacha ni urefu wa miguu. Mikono ya pedali ina namba, unasogeza mpaka goti libaki limekunjwa kidogo mguu ukiwa mbele kabisa. Ukikosea hapo utaumwa goti na kulaumu mtambo.

Nilipompelekea mjomba picha Tanga, alinipigia simu. "Mjomba, sasa ndubi ziko wapi?" Kwake yeye ngalawa isiyo na ndubi, yale maboya ya mbao ya ubavuni, ni kitu kisichosimama majini, na nilimwelewa. Jibu ni upana. Hizi sentimita 86 zinanitosha kusimama na kurusha chambo kukiwa shwari. Mawimbi ya boti za mashine yakija, nakaa. Na kwa sababu inaweza kupinduka, niliipindua kwa makusudi, kwenye maji ya vuguvugu ya kifuani, mpaka nikazoea: unapita upande wa pili, unaivuta ikae sawa, unajitupa kifudifudi katikati, halafu ndipo unageuza makalio kutafuta kiti. Mtambo uwe umefungwa kwa kamba yake, la sivyo unazama. Jaketi la kujiokolea sheria inataka liwepo kwa kila mtu, na mtoto wa chini ya miaka 13 lazima awe amelivaa. Mimi navaa muda wote. Kasia pia huwa nalo, limefungwa ubavuni, kwa siku waya utakapokatika.

Sasa uvuvi wenyewe. Samaki ninaowafuata wanaitwa redfish. Wanapokula kwenye maji haba mikia yao inachomoza juu, na doa jeusi la mkiani unaliona kabla ya samaki. Nasogea kwa nusu hatua za pedali, upepo ukiwa mgongoni, natulia, natupa chambo cha bandia chenye umbo la kamba wa baharini mbele yao. Wa kubeba nyumbani ni wa inchi 20 hadi 28, watatu kwa siku, na rula imebandikwa kwenye ganda. Hongwe wanakula chambo chochote, na mwiba wao ni ule ule tunaoujua. Ukishuka kutembea, buruza miguu mchangani ili samaki taa wakusikie waondoke.

Watu huniuliza kwa nini sikutia mota ya umeme. Betri ni uzito mwingine, na kayaki ikishakuwa na mota Texas inakutaka uisajili kama boti. Ya pedali haidaiwi usajili. Leseni ya kuvua ndiyo ya lazima, yenye kibali cha maji ya chumvi, na ile ya kawaida inaisha tarehe 31 Agosti hata kama umeinunua Julai. Ukianza katikati ya kiangazi, omba ile inayohesabu mwaka kuanzia siku uliyolipa.